Sura ya Sita: Mvua Inayotoka Mbele

Ukipita asubuhi ya Aprili kwenye kijiwe chochote cha bodaboda Dar es Salaam, iwe Mbagala, Mbezi au Gongo la Mboto, utawakuta vijana wamevaa makoti ya mitumba kinyumenyume. Mgongo wa koti umekaa kifuani, zipu iko nyuma, na mara nyingi haijafungwa. Asiyeendesha pikipiki hudhani ni mtindo wa vijana au uvivu wa kufunga zipu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, hadi siku nilipoazimwa pikipiki nikapigwa na mvua kutoka Kimara hadi Kibaha. Nilipovua koti, shati langu lilikuwa limelowa mstari mmoja katikati ya kifua, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, palepale ilipopita zipu. Mgongo ulikuwa mkavu kabisa.

Vijana wale wanajua jambo ambalo wauzaji wengi wa makoti ya mvua hawalijui. Aliyesimama kituoni hunyeshewa kichwani na mabegani. Aliye juu ya pikipiki hunyeshewa kifuani. Hesabu yake ni nyepesi. Tone kubwa la mvua hushuka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde, na hewa hailiachi liende kasi zaidi ya hapo. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa husonga mbele karibu mita 17 kwa sekunde. Tone likishuka mita 9, wewe umeshasonga mbele mita 17 kulifuata. Kwako, mvua hiyo imelala. Haikuangukii, inakuchoma. Na matone madogo ya rasharasha hushuka polepole kuliko hayo makubwa, kwa hiyo yanakujia yakiwa yamelala zaidi. Ndiyo maana dereva huweza kufika Chalinze ameloa chapachapa kwa manyunyu ambayo muuza mahindi wa pembeni mwa barabara hakuyajali hata akafunika jiko.

Yote nitakayoyasema katika sura hii yanatokana na hapo. Koti la mvua la mtembea kwa miguu, au lile refu la mlinzi wa usiku, limeshonwa kwa ajili ya maji yanayoshuka. Lina kofia kubwa, lina mabega mazuri, na mbele limefungwa kwa vifungo vinne vyenye nafasi ya kupitisha mkono. Kwa mlinzi linafaa sana. Ukilipandisha kwenye pikipiki, upepo unaingia katikati ya vifungo, koti linavimba kama tanga la jahazi, na maji yanaingia nyuma ya upepo. Kwa hiyo ukiingia dukani, usianze kwa kuuliza bei wala kushika kitambaa. Litazame koti kwa mbele, ulitazame kama mvua itakavyolitazama. Zipu imefunikwa? Kuna ulimi wa kitambaa juu yake unaofungwa kwa ukanda wa kunata, au ndimi mbili, mmoja ndani na mmoja nje? Kola inapanda hadi chini ya kidevu? Ikiwa zipu iko wazi, hata iwe nzuri namna gani, ujue umeona mahali pa kwanza litakapovuja.

Wapo wanaoniambia kwamba kulowa si jambo la kuandikiwa kitabu. Nguo zitakauka, na mvua haijawahi kumwua mtu. Jibu langu ni barabara ya kutoka Makambako kwenda Njombe. Ni kilometa 60 hivi, zinapanda na kushuka vilima, na mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda joto hupungua, nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Niliipita Machi moja nikiwa na suti ya plastiki niliyoinunua siku mbili kabla, na suruali yake ilichanika msambani kabla sijafika nusu ya njia. Maji yakaingia mapajani, yakashuka kwenye viatu. Mwanzoni nilitetemeka. Baadaye kutetemeka kukaisha, na mimi nikafurahi, nikidhani mwili umezoea. Kwenye kona moja nikataka kushika breki, nikaona vidole vimefika kwenye mkono wa breki lakini sikuweza kujua kama vinabana au havibani. Niliona kwa macho kwamba nimeshika breki, mkono haukuniambia.

Nilisimama kwenye nyumba ya kwanza yenye moshi. Mama wa nyumba hakuniuliza nimetoka wapi. Alisema tu, "Pole mwanangu, sogea motoni," akanisogezea kigoda. Ilinichukua karibu nusu saa kuweza kufungua kifungo cha shati langu mwenyewe.

Kilichonipata kina maelezo. Nguo zilizolowa, yaani jinzi, shati, sweta na soksi, zinaweza kubeba lita nzima ya maji. Upepo ukiyakausha maji hayo, yanahitaji joto ili yageuke mvuke, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka mwilini mwako. Kukausha lita moja ya maji kunakula joto linalotosha kuchemsha lita saba za maji ya chai kutoka ubaridi wa mtungi hadi yanatokota. Ndilo unalochotwa ukiwa umekaa juu ya siti. Mwili, ili kulinda moyo na ubongo, hupunguza damu inayokwenda kwenye vidole, na vidole ndivyo vinavyoshika breki na klachi. Kwa sababu hiyo mimi huliweka koti la mvua kwenye fungu moja na breki na matairi. Halimo kwenye fungu la mavazi.

Sasa tuje kwenye vitambaa, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapotupa fedha zao.

Kuzuia maji si kazi ngumu. Mfuko wa plastiki unazuia maji. Ugumu ni kuzuia maji ya nje huku ukiyaruhusu ya ndani, jasho, yatoke. Mskoti Charles Macintosh alisajili mwaka 1823 njia ya kuyeyusha mpira kwa mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, kisha kuupaka katikati ya vitambaa viwili. Maji hayakupita. Lakini koti liligeuka gumu kama ubao wakati wa baridi na kunata wakati wa joto, hadi miaka ya 1840 ilipojulikana namna ya kuupika mpira pamoja na salfa ukatulia. Nakitaja kisa hiki kwa sababu suti za bei ya chini tunazouziwa leo, zile za plastiki nzito inayong'aa, zina tabia zilezile za koti la Macintosh la mwanzo. Ziache juani Dodoma mwezi mmoja, zitakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Zivae Dar es Salaam saa nane mchana, baada ya dakika ishirini utakuwa umelowa kwa jasho lako mwenyewe kana kwamba hukuvaa kitu. Na zikigusa ekzosi zinayeyuka papo hapo, mguu wa kulia ndio unaoanza.

Waingereza walipita njia nyingine: pamba nzito iliyopakwa nta. Kampuni ya Barbour ilitoa suti ya namna hiyo kwa ajili ya waendesha pikipiki mwaka 1936, na kwa miaka mingi ndiyo waliyovaa washindani wa mashindano ya pikipiki ya porini. Ni nguo nzuri, inadumu, inashoneka, na ikichoka unaipaka nta upya. Sisi tuna turubai jepesi la pamba, tuna nta ya nyuki kutoka Tabora, na tuna mafundi cherehani kila mtaa. Nimewahi kushonewa koti la namna hiyo, nikalipaka nta iliyoyeyushwa na kulipitisha pasi ya moto mdogo, likanivusha vuli mbili. Kasoro yake ni joto la pwani. Nta inalainika, inachafua shati, na koti linakuwa zito. Kwa mtu wa Mbeya au Lushoto ningelipendekeza bila kusita. Kwa mtu wa Tanga, hapana.

Kisha kukaja utando. Mwaka 1969, Mmarekani Bob Gore alikuwa akijaribu kuvuta fimbo za plastiki aina ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Alipozivuta polepole zilikatika. Alipoivuta moja ghafla kwa nguvu, haikukatika. Ilirefuka mara nyingi kuliko urefu wake, na ndani yake kukajitokeza vitundu vidogo visivyohesabika. Kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, kila kitundu ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa mara 700 kuliko chembe ya mvuke. Tone haliingii, mvuke wa jasho unatoka. Huo ndio utando wa Gore-Tex, na kampuni nyingine zimetengeneza wa kwao unaofanya kazi inayofanana.

Muuzaji atakuambia utando huo unapumua, na bei yake itakufanya wewe ushindwe kupumua. Kabla hujatoa fedha, jua jambo moja. Mvuke hutoka ndani kwenda nje kwa sababu ndani kuna joto na unyevu mwingi kuliko nje. Tofauti ikiwa kubwa, unatoka kwa wingi. Tofauti ikiwa ndogo, unatulia palepale ulipo. Njombe asubuhi, nyuzi 12 nje na wewe una joto ndani ya koti, utando unafanya kazi aliyoahidiwa mnunuzi. Zanzibar mwezi wa Aprili, nyuzi 28 na hewa iliyojaa maji, hauna pa kuusukumia mvuke. Utafika umelowa jasho kama aliyevaa nailoni ya kawaida, isipokuwa wewe umetumia fedha mara kumi. Kwa mtu anayezunguka kwenye joto la pwani nasema wazi: weka fedha hiyo kwenye kofia ngumu nzuri, na ununue suti ya nailoni iliyopakwa mpira mwembamba kwa ndani, yenye matundu ya hewa chini ya kwapa na mgongoni. Matundu ya mgongoni hayana hatari, maana tumeshaona kwamba mgongo haunyeshewi sana ukiwa unakwenda.

Kwenye lebo za makoti mengi utaona namba, kama 3,000, 5,000 au 10,000, na alama ya milimita. Hiyo ni safu ya maji. Maana yake, kipande cha kitambaa kiliwekwa chini ya mrija wa maji, maji yakapandishwa taratibu hadi yakaanza kupenya. Ikiwa lebo inasema 5,000, yalipanda mita 5. Mtu wa kawaida huona namba hizo ni za kupamba tu, kwa sababu hakuna mvua inayokuja na mita 5 za maji juu yake. Lakini fikiria unapokaa. Mtu wa kilo 70, uzito wake ukienea kwenye eneo la siti la sentimita 30 kwa 30, anaukandamiza msamba wa suruali yake kwa nguvu inayolingana na safu ya maji ya karibu milimita 780. Akipita kwenye shimo, nguvu hiyo inapanda mara kadhaa kwa mpigo mmoja. Na pale alipokalia pana maji, kwa kuwa yote yanayopiga kifua na tanki hushuka yakakusanyika mbele ya siti, kwenye kibwawa kidogo kati ya mapaja. Unakalia kibwawa hicho unakigandamiza kwa uzito wako wote, kilometa baada ya kilometa. Suruali ya 1,500 itavuja hapo hata kama koti lake halivuji. Mimi huomba 5,000 kwa mizunguko ya mjini, na 10,000 kwa safari ndefu.

Hata hivyo namba ni ya kitambaa, na mara chache kitambaa ndicho kinachovuja. Kinachovuja ni mshono. Cherehani hutoboa tundu kila milimita tatu hivi, kwa hiyo mita moja ya mshono ina matundu zaidi ya mia tatu, na uzi wenyewe ni utambi. Unajua utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa bila kusukumwa na mtu. Uzi wa mshono unapandisha maji vivyo hivyo, kutoka nje kuja ndani. Suti iliyotengenezwa vizuri ina utepe uliobandikwa kwa moto juu ya kila mshono kwa upande wa ndani. Ligeuze koti ndani nje, palepale dukani, mbele ya muuzaji. Fuata kila mshono kwa kidole: mabega, kwapa, kola, kisha suruali. Watengenezaji wengine hubandika utepe mabegani tu, ambako mteja hutazama, wakaacha msamba mtupu. Na msamba ndiko mishono minne inakutana. Kama hapo hapana utepe, au uko na umenyanyuka, rudisha.

Jaribio lenyewe la mwisho linafanyika nyumbani, na muuzaji mwaminifu atakubali urudishe suruali ambayo haijapanda pikipiki. Igeuze ndani nje, ining'inize kwa kiuno na kwa miguu yote miwili kwenye kamba ya kuanikia ili msamba uning'inie chini kama mfuko, kisha mimina lita mbili za maji humo. Weka gazeti chini. Nenda kale, urudi baada ya nusu saa. Gazeti likiwa kavu, umepata suruali.

Wengi wetu lakini hatununui dukani, tunanunua mitumba, na sioni aibu kusema kwamba suti bora kuliko zote nilizowahi kuvaa ilitoka kwenye rundo la soko la Memorial, Moshi. Makoti ya watu wa kuteleza kwenye theluji na ya wapanda milima yanafika kule, yenye utepe kwenye kila mshono na zipu zilizofunikwa, kwa bei ya fulana mbili. Lakini mtumba unadai macho. Ule mpira mwembamba uliopakwa ndani ya nailoni huoza kwa umri, hata kama koti halikuvaliwa, kwa unyevu wa kukaa limekunjwa. Ukiugusa ukakuta unanata, au unamenyuka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, liache hata ukipewa bure, hakuna dawa. Lipeleke puani. Harufu kali ya siki au ya matapishi ni ya mpira huo unaooza. Kisha weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita upande wa pili, mvua nayo itapita.

Ukipata koti zuri la mtumba ambalo zipu yake tu ndiyo mbovu, usiliache. Livae kinyumenyume. Kuna jambo moja tu la kuangalia: shingo. Kola ya koti lililogeuzwa hukaa wazi kwa nyuma, na maji yanayotiririka kutoka kwenye kofia ngumu yanaingia humo unaposimama kwenye mataa. Mwombe fundi akushonee kola ya kupanda, yenye lastiki. Vijana wengi huziba nafasi hiyo kwa skafu ya pamba, na hapo wanajiponza, kwa sababu skafu ni utambi mwingine. Ncha moja ikiwa nje inanyonya mvua, nyingine ikiwa kifuani inaimwaga. Mkono wa shati uliochungulia nje ya mkono wa koti unafanya hivyohivyo. Kila kitambaa cha pamba kiishie ndani.

Mikononi kuna mabishano ya miaka mingi: glovu juu ya mkono wa koti au chini yake? Kwenye pikipiki zetu za Boxer na TVS, dereva akikaa wima, mkono unateremka kutoka begani hadi kwenye usukani, na maji yanateremka nao. Glovu ikiwa juu, inayapokea kama ndoo. Kwa hiyo mkono wa koti ukae juu ya glovu, na uwe na lastiki ya kubana ili upepo usiusukumie maji kwa chini. Glovu za maana za mvua ni ghali. Glovu za mpira za usafi, zilizozidi saizi moja, juu ya glovu za sufu, zimenitosha kwa miaka mingi, mradi ujizoeze kwanza breki na klachi ukiwa umezivaa pikipiki ikiwa imezimwa.

Miguuni zamani tulikuwa na rambo, ile mifuko ya plastiki. Kila dereva alikuwa na mbili mfukoni, anavua kiatu, anavisha soksi mfuko, anarudisha kiatu. Kenya walipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, nasi tukafuata Juni 2019, na kwa mitaro na mito yetu ulikuwa uamuzi mzuri. Ile mifuko mbadala haizuii maji. Gamboti ndilo lililobaki, na ni kiatu kizuri cha mvua ikiwa halipwayi na soli yake haijaisha. Mguu unaoteleza kwenye gia ni hatari kuliko mguu uliolowa. Suruali iwe nje ya gamboti daima. Nimewaona waliochomeka suruali ndani wakisimama kumwaga maji kama wanaomwaga ndoo.

Kofia ngumu, au elementi kama tunavyoiita vijiweni, ina sura yake katika kitabu hiki, lakini lipo la mvua. Pumzi yako ni ya joto na yenye maji, kioo kimepoa kwa mvua; pumzi ikikigusa inageuka ukungu, na ndani ya sekunde chache huoni. Paka kioo kwa ndani sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo sana, kisha kifute kwa kitambaa kikavu hadi kiwe safi. Utando wa sabuni unaobaki huyafanya maji yatandazike badala ya kusimama kama vitone. Fanya hivyo kila asubuhi ya masika. Na ile kofia ya koti, usiivae juu ya elementi: inakamata upepo na kuziba macho ya pembeni, kwenye makutano hutaona lori linalotoka kushoto.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Mvua inapokuwa kubwa, dereva wa gari anakuona kupitia kioo kinachofutwa na waipa kila baada ya sekunde. Koti jeusi au la bluu iliyokolea linapotea kwenye lami. Chukua njano, chungwa au kijani kile kikali. Kenya sheria inamtaka dereva na abiria wa pikipiki wavae koti lenye kuakisi mwanga. Ajabu ni kwamba mvua ikianza wengi hufunika reflekta hiyo kwa koti la mvua jeusi, saa ileile wanapoihitaji. Reflekta ivaliwe juu ya yote.

Ipo pia nguo ya mvua ambayo ningependa iondoke barabarani kabisa, nayo ni ile ya kujitanda, shuka la plastiki lenye tundu la kichwa. Inauzwa bei rahisi, inafunika dereva na tanki, na inapepea. Ncha yake ikiingia kwenye mnyororo au kwenye tairi la nyuma, inamvuta aliyeivaa. Mwavuli wa abiria ni ndugu yake: pikipiki inakwenda kilometa 50 kwa saa, abiria anaufungua nyuma ya dereva, upepo unaupindua na usukani unayumba. Dereva ana haki ya kukataa, na amwambie kwa heshima, "Mama, nisaidie, tuufunge huo mwavuli hadi tufike." Abiria naye ana haki ya koti. Baadhi ya madereva wameanza kubeba koti la pili la abiria lililokunjwa chini ya siti, na wanaofanya hivyo hawakosi wateja wa kudumu wakati wa masika.

Suti yoyote ya mvua, hata ya bei kubwa, haikulindi ukianguka. Nailoni juu ya lami huyeyuka na kushikamana na ngozi. Ivae juu ya jaketi nene na jinzi au suruali yenye vikinga magoti, ndiyo maana uichukue kubwa saizi moja au mbili. Ijaribu dukani ukiwa umekaa kama uliye kwenye pikipiki, magoti yamekunjwa na mikono mbele. Ikikubana mgongoni au ikapanda juu ya viwiko, si ya kwako. Na mvua inapoanza baada ya kiangazi kirefu, simama uivae mapema. Dakika zile za kwanza, kabla mvua haijasafisha lami, mafuta na vumbi vinageuka utelezi, na ni vizuri zikukute umesimama pembeni unafunga zipu.

Utunzaji wake hauna siri. Usiikunje ikiwa mbichi. Ianike kivulini, mbali na moto. Ifue kwa sabuni ya kawaida bila zile dawa za kulainisha nguo, maana zinaharibu uwezo wa kitambaa kutelezesha maji. Ikichanika, usimpe fundi aishone tu. Kila sindano ni tundu jipya. Mwambie abandike kiraka kwanza kwa gundi inayopinda, ndipo ashone pembeni kama ni lazima.

Nimalizie kwa wenye pikipiki. Kijana anayekuletea hesabu kila jioni hana uwezo wa kusema leo mvua ni kubwa, sitoki. Anatoka, kwa sababu hesabu haipungui kwa mvua. Unapomkabidhi pikipiki ya mkataba unampa ufunguo, kadi ya bima na elementi. Mkabidhi na suti ya mvua, ya vipande viwili, yenye utepe msambani, na umpe kabla ya Machi. Bei yake haifiki ya tairi la nyuma.